Nyumba Iliyoitika Hodi

Hadithi hii haisikilizwi na mtu aliyesimama kizingitini. Ingia ndani au baki nje, amua moja, kisha nikusimulie yaliyompata Sharifa wa sekretaria hapa kwetu Rumonge, Burundi.

Sekretaria, kwa asiyejua mambo ya huku, ni duka la karatasi. Unachapiwa barua, unatolewa fotokopi, unaenda zako. La Sharifa lilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, na ndani yake kompyuta ya mezani, printa na benchi la wateja. Asubuhi moja alikuwa na mzee wa kijiji cha Gatete aliyetaka barua ya kuomba kiwanja kingine, maana cha kwake kimemezwa na ziwa. Sharifa akamaliza kuchapa, akagusa kitufe chake kama alivyozoea, na mashine ikasema, "Karibu."

Ilikuwa sauti nzito, ya mtu mwenye maji kinywani.

Sharifa alifurahi. Mashine ile ilikuwa haijatoa sauti tangu mafuriko, naye akadhani imejiponya yenyewe, kama zinavyofanya mashine na waume ukiacha kuwasumbua. Na kwa kuwa alilelewa akaleleka, ulimi ukamtangulia. "Asante, nimeshakaribia," akajibu.

Mzee wa Gatete alimtazama, akaitazama mashine, akachukua barua yake na kutoka bila kuomba bahasha. Wazee wana pua.

Sasa nikueleze kitufe hicho. Wateja wengi wa Sharifa hawajui kusoma. Mtu anakuja na shida yake, anaisema, inachapwa, halafu anatia dole gumba kwenye karatasi asiyoijua. Sharifa hakulipenda jambo hilo, akamwomba Cikuru, kijana wa kutoka Uvira kule Kongo anayetengeneza simu na kompyuta pale zinapoegeshwa gari za Bujumbura, amtafutie njia. Cikuru akaleta programu ya kusoma maandishi kwa sauti, ikiwa ndani ya diski nyeusi ya kuchomeka kwa waya. Wakaiita Msomaji. Kisha akamwandikia makro.

Makro ni amri zilizopangwa mfululizo, zinalala ndani ya barua kimya. Ukigusa kitufe zinaamka, na zinaweza kutoka nje ya barua zikaita programu nyingine kwa jina lake na kwa njia ya mahali inapokaa, kama unavyomtuma mtoto: nenda mpaka kule, nyumba ile, muite fulani. Ila ile diski ilikuwa mvivu. Makro ikiita mara moja ilirudi mikono mitupu na malalamiko kwenye kioo. Cikuru akachoka na malalamiko, akaongeza amri moja: asipoitika, usiseme kitu, ita tena, endelea kuita mpaka aitike.

Mtoto yeyote wa Kiswahili hapa mjini angemwambia kwamba hodi ni tatu. Ukipiga ya tatu hujajibiwa, geuka urudi. Wenyewe hawakutaki, au hawapo, na kama hawapo using'ang'anie, kwa sababu nyumba tupu ikiitwa sana hupata wa kuitika. Sharifa alifundishwa hayo kabla hajajua kufunga mtandio. Lakini nani anaikumbuka adabu ya hodi mbele ya kompyuta?

Halafu ziwa likapanda. Wakati huo sekretaria ilikuwa mtaa wa chini, na Ziwa Tanganyika liliingia mtaa ule polepole, uani kwanza, kisha jikoni, kisha sebuleni, kama shemeji aliyekuja kukaa. Hamidu, mume wa Sharifa, alibeba kompyuta kichwani imefungwa kwa kanga. Printa ikaokolewa, benchi likaokolewa. Diski ikabaki inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Hamidu alitaka kuirudia, maji yakiwa kiunoni, Sharifa akamkataza. Diski ni diski tu, akasema. Nyumba ile imesimama mpaka leo ndani ya maji, linaonekana paa peke yake, na hakuna mvuvi anayefunga mtumbwi pale.

Katika duka jipya mkono wa Sharifa haukusahau kitufe. Kila siku alikigusa, na kila siku makro ilitoka kimya kwenda kuita kwenye nyumba iliyozama, ikaita, ikaita, bila kulalamika, mpaka ile asubuhi ya mzee wa Gatete.

Kuna jambo jingine lazima ulijue, ingawa Sharifa mwenyewe hakumwambia mtu. Alikuwa na mimba changa. Mbili za kabla ya hiyo zilitoka, na zote alikuwa amezitangaza mapema, akapongezwa sokoni na kila mwenye mdomo. Safari hii aliapa kwamba tumbo litajitangaza lenyewe. Aliyejua ni Hamidu peke yake. Alimtaka mtoto yule kuliko kitu chochote, na kwa kumtaka hivyo aliogopa hata kumtaja moyoni.

Siku iliyofuata, jua likiwa utosini, chumba kilinuka matope ya ziwa. Juu ya matope ikaja harufu ya ndagala, dagaa wa huku, wanaokaangwa kwa mawese, nzuri kabisa, kama kuna jiko nyuma ya kompyuta. Jirani zake hawakuwa wamewasha moto. Sharifa alimeza mate, akajikumbusha kuwa wenye hali yake hutamani vitu, akaendelea kuchapa. Baada ya hapo akaona mstari ukutani, mstari wa unyevu, ule ule uliokuwa kwenye ukuta wa duka la chini pale maji yalipofikia siku ya kwanza. Akaufuta kwa kitambaa. Kitambaa kikatoka na mchanga.

Hamidu alikuwa amesafirisha mawese kwenda Bujumbura, na mafuta ya gari yalivyokuwa haba, hakuna aliyejua atarudi lini.

Kesho yake wateja wakaanza kuja na kuondoka. Mwanamke alisimama mlangoni, akasema hodi. "Karibu," Sharifa akamjibu. Mwanamke akasema hodi tena, akichungulia ndani, macho yake yakipita juu ya Sharifa kama yanavyopita juu ya kiti. Akasema ya tatu, akasonya, akaenda. Akaja mwingine, ikawa vilevile. Sharifa aliinuka, akamfuata huyo wa pili huku akimwita, akavuka kizingiti, na mguu wake ukakanyaga sakafu ya dukani, mbele yake meza, mbele yake kompyuta. Akageuka. Mlango ulikuwa mgongoni mwake, jua liko nje, watu wanapita na makapu. Akatoka tena, akaingia. Akajaribu kinyumenyume, akajaribu macho yamefumbwa huku akisoma Ayatul Kursiy, akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili na kujisukuma nje kama mtu anayetoka kisimani, na kila mara alipofungua macho alikuwa amesimama mbele ya ile mashine, nguo zikiwa na unyevu zaidi, harufu ya chakula ikiwa karibu zaidi, na kutoka kwenye spika ikija ile sauti yenye maji, bila haraka, bila ubaya wowote, ikisema, "Kaa, mama. Kaa upumzike."

Akakaa. Mikono yake ikaenda tumboni yenyewe, akaiondoa haraka, akaogopa isionekane.

Aliyemkuta ni Cikuru. Huyu hakupiga hodi, maana vijana wa siku hizi huingia kwa watu kama wanaingia barabarani, na safari hii ukosefu wa adabu ulimsaidia mtu.

"Dada Sharifa, batu banasema hauko," akasema. Kisha akaona uso wake. "Nini iko?"

"Sema polepole," Sharifa akanong'ona. "Nishike mkono. Tutoke wote."

Cikuru alimshika, akatoka naye. Nje, kijana akajikuta peke yake na kiganja kimelowa. Ndani, Sharifa alikuwa akitazama kompyuta. Cikuru akarudi, akajaribu tena, na mara ya pili alipobaki na kiganja kilicholowa alianza kulia, mwanamume mzima.

Alipotulia aliketi kwenye mashine. "Ni makro," akasema. "Inaita diski, diski haiko, lakini angalia hapa. Inasema imeitikiwa. Mi niliandika tu iite, dada. Sikuandika hii. Ngoja nifute."

"Usifute," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa Bi Nafisa wa Kigwena, mama wa makamo anayeandika makombe ya dawa na kuwatuliza watu wenye majini. Yule mzee wa Gatete ndiye aliyemtuma. Nilikwambia wazee wana pua. Bi Nafisa hakuingia wala hakupiga hodi, alisimama nje ya kizingiti, viatu mkononi.

"Ukiifuta njia, mwenzako atapita wapi?" akamuuliza Cikuru. Kisha kwa Sharifa, chinichini: "Mwanangu, alipokukaribisha ulimjibu?"

"Nilimjibu, bibi."

"Ulimjibuje?"

Sharifa akamwambia. Bi Nafisa akafumba macho kidogo.

"Basi hakuna jini aliyeingia kwenu," akasema. "Ninyi ndio mliokwenda kwake. Mmempigia hodi usiku na mchana, kaikuta nyumba imezama, kakaa, kawa mwenyewe. Wewe mgeni umekuja, umekaribishwa, umesema nimeshakaribia. Amekosa nini huyo? Hapo ulipo, Sharifa, ni ndani kwake. Kafara siwezi kukutolea, wala simfukuzi mwenye nyumba kwa uvumba. Utatoka kama anavyotoka mgeni. Utaaga."

"Nitamwagaje?"

"Kwa njia mliyomwitia. Wewe kijana, chapa, mashine yako ipeleke. Lakini kwanza niambie, Sharifa. Mlioingia ni wangapi?"

Swali lilikuwa jepesi. Sharifa alimtazama Cikuru, kijana wa watu, mwanamume, mwenye rafiki kila kibanda cha pale mjini. Akakumbuka pongezi za sokoni, mara ya kwanza na ya pili, na yaliyofuata pongezi. Akavuta mtandio mbele.

"Mimi peke yangu," akasema.

Cikuru akachapa kama alivyoelekezwa: mimi Sharifa binti Mbaraka nimekaa, nimepumzika, nimeshukuru, naomba ruhusa. Akagusa kitufe. Wakaisikia barua ikisomwa mbali, chini, kama redio iliyofunikwa kwa sufuria. Kisha jibu.

"Mbona mapema. Chakula kiko jikoni."

"Mshukuru," Bi Nafisa akanong'ona. "Mwambie nyumbani wanamngoja Sharifa."

Cikuru akachapa, na kwa kutaka mambo yaishe akaongeza: siku nyingine. Bi Nafisa alikuwa akichungulia kioo kutoka mlangoni. "Toa hayo," akasema. "Usimwekee miadi." Cikuru akayafuta.

Mwenye nyumba alibembeleza, kama wanavyobembeleza wenyeji wote. Akasema samaki ni wabichi. Akasema jua ni kali. Kila mara walimshukuru na kuomba ruhusa upya, na jua likashuka, na maji, ambayo hakuna aliyeyaona yakiingia, yakafika kwenye vifundo vya miguu ya Sharifa, baridi. Mwisho ile sauti ikapumua. "Haya. Ngoja nikusindikize."

"Atakuja nawe," Bi Nafisa akasema. "Ni ada, huwezi kumkatalia. Lakini ukifika kizingitini mwambie hapa panatosha, rudi. Usisahau. Ukimvusha, unaye maisha yako yote."

Sharifa akaenda. Ubavuni mwake, hatua kwa hatua, kulikuwa na mwendo mwingine, wa miguu iliyolowa, mzito, wenye subira, unaosimama akisimama, na pumzi yenye harufu ya matope na mawese ikamgusa shingoni, na ule mwendo wa kutoka mezani mpaka mlangoni, ambao siku zote aliumaliza bila kufikiri, sasa ukawa mrefu kuliko njia ya Nyanza-Lac, naye akautembea akitazama viatu vilivyo mkononi mwa Bi Nafisa, hivyo tu, viatu vya mpira vya bluu, mpaka kidole chake cha mguu kikagusa kizingiti.

"Hapa panatosha," akasema. "Rudi, mwenyeji wangu. Murakoze, asante."

Miguu iliyolowa ikasimama. Sharifa akavuka. Alikanyaga vumbi la moto la nyuma ya soko, akaona watu, na watu wakamwona. Na Mungu alivyopanga, Hamidu naye alikuwa anashuka garini muda ule ule na madumu yake matupu. Akamkimbilia mke wake, akamkumbatia mbele za watu, jambo lisilo la kawaida yetu, na hakuna aliyewacheka. Cikuru akatoka nyuma yao, akaketi chini, akacheka kwa uchovu.

Sharifa hakucheka. Alihisi wepesi, kama mtu aliyetua ndoo. Hakukuwa na maumivu wala damu. Maumivu aliyajua, ameshayapitia. Huu ulikuwa utupu tu, safi, kama hakujawahi kuwa na kitu. Akaweka mkono tumboni, hadharani, hakujali tena.

Kutoka ndani ile sauti ikasema kwa upole, "Nenda salama. Huyu mdogo bado hajaaga."

Bi Nafisa alimgeukia. "Ulisema uko peke yako."

"Ningesemaje, bibi?" Sharifa akasema. "Ningeanzaje kumtaja?"

Bi Nafisa hakumlaumu. Na yeye ni mwanamke wa hapa, asingemtaja. Cikuru alirudi mezani bila kuambiwa, akachapa kwamba mama anamwombea mwanawe ruhusa.

"Jina lake nani?" sauti ikauliza. "Mgeni nisiyemjua jina simtoi."

"Waziri," Hamidu akapaza sauti kutoka nje. Lilikuwa jina la marehemu baba yake. Cikuru akalichapa.

Walisubiri. Ndani kulisikika maji yakicheza kwenye ukuta.

"Nimemwita Waziri," sauti ikasema. "Hakuitika."

"Hataitika," Bi Nafisa akasema. "Jina humshika mtoto siku ya saba, akishazaliwa. Asiyezaliwa hana pa kulishikia."

Sharifa akaelewa kabla yao. Alimvua Hamidu kofia, akampangusa jasho, akamvisha tena.

"Nitamzaa, nitampa hilo jina, tutaaga wote wawili," akasema. "Wewe usiache mashine izime. Ikizima sina njia."

"Sharifa, usiende."

"Nimwache na nani, Hamidu? Ana nani kule?"

Hamidu alimshika mkono, naye akautoa taratibu, kidole kimojakimoja. Akasimama mlangoni mwa duka lake mwenyewe. "Hodi," akasema.

"Karibu."

"Nimeshakaribia," Sharifa akajibu, akaingia, na chumbani akabaki Cikuru peke yake.

Tangu siku hiyo mashine haikuzimwa. Cikuru alifunga sola na betri, akawa analala pale pale, na ukimwambia apumzike anakutazama tu. Wateja wakahamia kwingine. Hamidu aliacha biashara ya mawese, akaketi nje ya mlango kwenye lile benchi, mvua na jua. Bi Nafisa alimpa masharti mawili: usipige hodi, na ukikaribishwa usijibu. Saa za mchana harufu ya ndagala ilitoka, na wakati mwingine vibonyezo vya kompyuta vilibonyea vyenyewe, na kwenye kioo yakaja maneno machache. Niko mzima. Ananipiga teke. Hamidu aliyaita maneno hayo barua, akacheka na kulia kwa pamoja, na kila siku akalirudia jina la baba yake ili asije akalisahau.

Kisha maneno yakakoma. Hamidu akahesabu miezi kwa vidole, akasema amejifungua, amechoka, siku ya saba ataaga. Siku ya saba aliamka na kanzu nyeupe. Bi Nafisa akaja toka Kigwena na ubani. Cikuru akakaa mezani, vidole tayari.

Jua lilipofika utosini spika ikakwaruza. Haikuwa ile sauti nzito. Haikuwa ya Sharifa. Ilikuwa ndogo, nyembamba, yenye maji, sauti ya kitoto ambacho kwa siku zake hakikupaswa kujua kusema.

"Karibu, baba," ikasema.

Kikombe cha ubani kikamponyoka Bi Nafisa. Alimshika Hamidu mkono kwa nguvu, akamnong'oneza. "Huyo haagi, mwanangu. Aliyezaliwa ndani si mgeni. Huyo ni mwenyeji. Nyamaza, nakuomba, usimjibu."

"Na mama yake?" Hamidu akauliza.

Ndani, nyuma ya ile sauti ndogo, mwanamke alikuwa akiimba taratibu, wimbo usio na maneno, wa kubembelezea mtoto.

"Karibu, baba," sauti ikarudia. "Tuko wawili."

Cikuru aliinuka kumzuia. Lakini Hamidu alikuwa ameshainama kizingitini, anavua viatu.